Maji ya Chumvi

Mbaruku alikoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, kama alivyoelekezwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, akaonja, akampa mkewe.

"Sukutua, mama Tunu. Usimeze."

"Leo hukuzidisha," mkewe alisema kwa shida, ulimi umechubuka. "Mchuzi wako siku zote ni bahari."

Daktari mkuu akafika na kundi lake, akammulika kinywani.

"Vidonda vimeenea. Kusukutua mngeanza kabla ya dripu ya kwanza. Sasa kama hawezi kula, dawa ya saratani tunaisimamisha."

"Nani alituambia, daktari?"

"Bango lipo mlangoni."

Lilikuwepo kweli. Limebandikwa nyuma ya mlango ambao haufungwi mchana kutwa, tena kwa Kiingereza. Wakubwa hao walishafika kitanda kingine.

Mama Tunu akapiga funda. Mashavu yakatuna kama ya mpiga zumari, machozi yakamtoka kwa ule mwasho. Mbaruku akamwekea beseni kidevuni.

"Tema basi, inatosha."

Akatikisa kichwa. Aliyashikilia yale maji kama anayefidia siku zote ambazo hawakuambiwa, na Mbaruku akabaki ameinua beseni tupu.