Darubini ya Mgonjwa

Mwamvita alipanda kilima hadi duka la darubini huku kiuno kikimuuma, maana asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, alikuwa amemgeuza mumewe kitandani. Kibwana hakuwa ameinuka tangu alipoanguka wakati wa mvua za mwaka juzi, na sasa alitaka kuuona mwezi kupitia dirisha.

"Usidanganywe na urefu, mama. Angalia upana wa kioo," muuzaji alisema, akaielekeza moja bondeni. "Jaribu. Vitu vitaonekana kichwa chini, lakini kwa mwezi haidhuru."

Mwamvita alifumba jicho moja, akachungulia. Aliiona nyumba yake, paa chini, uwanja juu, na shuka alizoanika. Kule manyunyu yalikuwa yameanza. Mlango ukafunguka. Kibwana akatoka mbio, miguu juu, akaanua shuka moja baada ya nyingine, akazikimbiza ndani.

"Inaonyesha vizuri?" muuzaji aliuliza. "Nikufungie?"

"Ngoja kwanza, baba."

Bila kuondoa jicho, Mwamvita alipapasa nyuma yake, akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Kule bondeni Kibwana alikuwa amerudi kuokota vibanio.