Unyayo wa Mama

Nilimkwaruza mama unyayo kwa ufunguo wa sanduku langu kabla sijamwamkia.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka basi hapo Kerege, kijijini kwetu, mwaka 1953, baada ya miaka tisa Ulaya. Nilikwenda kusomea fizikia, nikaiacha, nikahamia kwenye ubongo, nikitafuta jinsi umeme mdogo wa kichwani unavyogeuka kuwa neno.

Kiharusi kilikuwa kimempeleka mama mdomo upande. Unyayo wake wa kulia ulikuwa mgumu, na hina ya zamani imeganda kwenye nyufa. Kidole gumba kikainuka polepole, badala ya kujikunja chini kama cha mtu mwenye afya. Basi nikajua: ubongo umeumia kushoto, upande unaotawala mwili wa kulia, na maneno pia.

"Kaka," akasema dada yangu Mwanahija, bakuli la uji mkononi, "si umwamkie kwanza?"

Nikaona haya. Nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema mama. Neno zima, safi.

Bakuli likamponyoka Mwanahija. "Kakujua!"

Nami mtaalamu nikamweleza, palepale kitandani. "Usijipe moyo. Salamu ni mazoea ya ulimi tu, humtoka hata mgonjwa asiyejua kitu. Angemwitikia yeyote."

Mwanahija akanitazama.

"Mimi namwamkia kila asubuhi tangu alipoanguka. Mwezi wa nne huu. Hajaniitikia hata mara moja."

Nikageuka. Mama alikuwa ameulekeza uso ukutani.

"Shikamoo, mama."

Nikangoja, ufunguo bado mkononi. Nikamwamkia tena.