Kikombe cha Mpishi

Mke wa mpishi alilamba kijiko alichokorogea kahawa ya mumewe, akashtuka. Chumvi! Makopo mawili yanafanana kama mapacha, na mkono wake ulikuwa umechukua lisilo la sukari.

Mume alikwisha kunywa nusu.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema, akifunga aproni ya hotelini. "Leo umepatia, mama watoto."

Tangu wanunue kile kimashine cha kahawa cha mkono, unachokandamiza kwa viganja kikakupa kikombe kimoja tu, kila asubuhi mama watoto alibuni pishi jipya: mara ganda la chungwa, mara mdalasini, mara maji ya uvuguvugu. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mume, maana ndiye mwenye ulimi. Zamani angenusa tu akakutajia kila kilichomo. Tangu yale mafua makali, amekuwa akisifu kila kitu.

Na sasa mama aliona: mume hakuwa akitazama kikombe. Alikuwa akiutazama uso wake yeye, kama mwanafunzi anayechungulia jibu kwa jirani.

"Mbona kimya? Umetia nini leo?"

Jioni hiyo mume alikuwa na karamu ya harusi ya kupika.

Mama alikichukua kikombe, akanywa kilichobaki chote bila kukunja uso.

"Iliki," alijibu. Kisha akaangua aproni yake msumarini. "Ningoje, twende wote. Sufuria za harusi haziwezi kuonjwa na mtu mmoja."

Mpishi, mtu asiyetaka kuingiliwa jikoni mwake, hakuuliza kwa nini. Alimfungulia mlango.