Mali na Kanada

Kanada ilisimama, ikavuta soksi zake juu, ikaanza kuhutubia. Katika deski la nyuma, Mali ikauma midomo.

Ndivyo Mwalimu Kiunga alivyofundisha darasa lake la saba pale Ruiri, mwaka ule wa 1994. Kila Ijumaa madeski yalipangwa duara, na kila mwanafunzi akawa nchi, jina la nchi yake likining'inia shingoni kwenye kipande cha katoni. "Hapa hakuna Mmeru," mwalimu alizoea kusema. "Hapa kuna raia wa dunia." Siku hiyo walijadili mto unaopita katika nchi mbili: maji ni ya nani?

Kanada alikuwa Gatwiri. Mali alikuwa Kanana. Siku nchi zilipogawanywa, mtu mmoja alipaza sauti, "Kanana ni Mali isiyo na mali!" Darasa likaangua kicheko. Kanana aliinamisha kichwa, lakini angeapa kwamba aliyecheka kuliko wote ni Gatwiri.

Gatwiri alikuwa amehamia pale kutoka Embu mjini, mtaa wa Dallas. Kiswahili chake kiliteleza kama uji. Alikuwa na atlasi yake mwenyewe, na wakati wa mapumziko watoto walimzunguka kama nzi kwenye maziwa. Kanana alijua miji mikuu yote ya Afrika bila kufungua kitabu. Lakini nani alimzunguka Kanana?

Kengele ilipokaribia kulia, mwalimu alitoa habari. "Siku ya Umoja wa Mataifa tumealikwa Nairobi. Watoto wa mataifa mengi watakuwa huko. Nafasi yetu ni moja." Akataja watatu: Gatwiri, Kanana na Bundi. "Mtachagua wenyewe Ijumaa ijayo. Kura ya siri."

Bundi alikuwa Brazili, na tangu Brazili ichukue Kombe la Dunia hakuwa na hotuba nyingine. Wavulana walimpenda kufa.

Kanana hakuwahi kufika mbali kuliko Meru mjini. Alipomwambia mama yake, mama aliacha maharagwe aliyokuwa akichambua. "Nairobi? Mwanangu mimi?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Wiki ile Gatwiri hakutulia. Alikwenda deski hadi deski, akiinama, akinong'ona. Kanana alipokaribia, wote walinyamaza ghafla wakatazama pembeni. Wivu ukamwasha Kanana kama upupu. Kumbe mtu akiwa na kila kitu hutaka na hicho kimoja cha mwenzake!

Alhamisi Gatwiri alimfuata penye mfereji. "Kanana, una sweta nzuri? Ya safari?"

Kanana alitazama kiwiko chake kilichochungulia kwenye tundu la sweta. "Sweta yangu inakuhusu nini?"

Gatwiri aligeuka, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Kanana aliwavuta karibu Karwirwa na Nelius, waliokaa naye deski moja.

"Gatwiri amewazunguka wote. Mimi siwezi kushinda, na kura zetu tatu zitapotea bure. Tumpe Bundi."

"Bundi!" Karwirwa alishtuka. "Si atatuaibisha huko? Ataongea mpira tu!"

"Afadhali mpira kuliko Gatwiri. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Hata wewe mwenyewe hutajipigia?" Nelius aliuliza.

"Ili jina langu lisomwe mara tatu, darasa lipate kucheka tena?"

Hawakubishana naye zaidi. Saa ya kura ilipofika, wakaandika Bundi, Bundi, Bundi, wakakunja.

Mwalimu alimimina karatasi mezani, akaanza kusoma, huku akichora vijiti ubaoni.

"Bundi. Kanana. Kanana. Bundi. Kanana."

Kanana aliinua kichwa. Pengine amesikia vibaya. Lakini vijiti viliendelea kujipanga chini ya jina lake, vitano, kumi, kumi na tano. Karwirwa alimfinya paja. Kanana hakuhisi kitu.

"Bundi, kumi na tisa," mwalimu alisema mwishowe, akiweka chaki chini polepole. "Kanana, kumi na nane. Gatwiri..." Aligeuza karatasi ya mwisho juu chini, kana kwamba kuna nyingine imejificha. "Gatwiri hana hata moja."

Wavulana walimbeba Bundi juu juu wakitoka naye nje. Katika vurumai ile Gatwiri alipenya hadi deski la nyuma, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, Kanana," alisema. "Nilipita kila deski kukuombea kura. Ni hili lenu tu nililoruka, kwa maana hapa nilijua una tatu za hakika."