Mnana Afumua Kiota Chake

Kra! Kra! Usiku wa manane Mama Kindi akasikia nyasi zikichanika, akawakumbatia wanawe, nyoka huyo, nyoka! Hata hivyo akachungulia. Kumbe Mnana, mwanafunzi wa chuo cha kusuka viota, anakifumua kiota chake mwenyewe.

"We mwanangu, una wazimu? Si ulilia wiki nzima mwalimu alipokikataa, ukasema bila hicho wewe si ndege?"

"Nilisema, mama. Ila nilipofungua fundo moja, nikaona mdomo wangu bado unajua kulifunga. Kilichofeli ni kiota. Kesho naanza kingine."

Mama Kindi akasogea, akashika jani. "Nivute hapa?"

"Vuta. Lakini wenzangu wasijue, watanicheka."

"Simwambii mtu, hata baba watoto."