Silinda Hedi ya Mwinyikombo

Kiwelu alikuwa amechonga vyuma miaka ishirini na miwili katika karakana ile, na Zawadia miaka mitatu tu. Lakini siku hizi madereva wa teksi wakileta silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iliyopinda kwa joto, walimpita Kiwelu kama hawamwoni, wakamwulizia Zawadia.

Mchana ule Zawadia alikwenda kula, akaacha mezani silinda hedi ya dereva Mwinyikombo, ameshaisawazisha. Kiwelu aliweka rula ya chuma juu ya uso wa alumini, akainama kutafuta mwanga chini yake. Aliomba auone, maana ungekuwa dalili kwamba uso haujanyooka. Akailaza rula mshazari, akatazama tena. Hapakuwa na hata uzi wa mwanga.

Wivu ulimpanda. Akashika bisibisi. Mkwaruzo mmoja tu, maji yangepenya kwenye injini, na jina la Zawadia lingechafuka mji mzima. Akaishusha ncha mpaka ikagusa alumini.

“Iko sawa, fundi?” Mwinyikombo aliuliza kutoka mlangoni. “Kesho nampeleka mama hospitali.”

Kiwelu aliiondoa bisibisi. “Iko sawa,” akasema. Kisha, kwa shida, “Mimi nisingeifikisha hapo.”

Alipogeuka, Zawadia alikuwa amesharudi, yuko nyuma yake, ameona yote. Hakumlaumu. Alifunga silinda hedi nyingine kwenye mashine, akafuta mpini kwa kitambaa, akajisogeza pembeni.

“Njoo, kaka Kiwelu. Anza wewe, nitakuonyesha ninapopunguza mwendo.”

Kiwelu alibaki akiutazama mpini, mkono wake umenyooka nusu.