Kisigino cha Bibi Hamisa

Ilibaki miche arobaini ya kabichi kati ya mia mbili niliyoteremka nayo kutoka milima ya Usambara. Ikifa hiyo nayo, bustani yangu ingekwisha kabla sijapeleka hata kabichi moja sokoni Handeni.

Bibi Hamisa, jirani yangu katika kijiji kipya cha ujamaa hapa Misima, alisimama akitazama matuta yangu, yaliyonyooka kama mistari ya daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mshambaa. Mbona unaipandisha miche juu, ikaungue na jua?"

"Kwetu ndivyo tunavyolima. Tuta huondoa maji."

"Kwenu mna maji ya kuondoa!"

Alichota kata moja ya maji, akamwaga juu ya tuta. Yakateremka, yakapotea. Kisha akakandamiza kisigino chake udongoni, akamwaga kata ya pili. Maji yakatulia humo, mekundu, yakanywewa polepole.

Siku nane nilikuwa nimeinama kuyainua matuta yale. Nikashika jembe, nikabomoa la kwanza, ambalo miche yake yote ilikuwa imeshaungua.

"Bibi, nichimbe kina gani?"

Akakanyaga tena kwa kisigino, kwa nguvu, katikati ya udongo niliobomoa.

"Pima hapa."